Bastola Yangu Nyuma ya Kioo

Mimi sinunui kitu kilichofungwa ndani ya boksi. Boksi linaficha. Friji yetu ya jikoni ilisimama dukani muda mrefu, mlango wake umefunguliwa na nusu ya Brussels kabla mke wangu hajaugusa, na mpaka leo inagandisha kama siku ya kwanza. Kochi letu limekaliwa na wateja wasio na idadi. Suti niliyofungia ndoa ilivuliwa kwenye sanamu ya dirishani mbele ya macho yangu, na ilinikaa kana kwamba sanamu ile ilichongwa kwa kipimo cha mwili wangu. Kitu cha maonyesho kimeshajaribiwa. Kama kina ugonjwa, umeshajulikana. Na muuzaji amechoka kukiona. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Shule niliiachia darasa la tatu, pale Lubumbashi, lakini jambo hilo halifundishwi shuleni, na kama kuna waliolisomea darasani, basi sijawaona wakimiliki depo, ghala lao wenyewe la mizigo.

Mimi nina depo. Iko Anderlecht, ina milango ya chuma mbele na nyuma, na hutoka pale makontena kwenda Katanga, kwetu Kongo, yamejaa friji, matairi, jenereta, magodoro, baiskeli. Nilianza kwa kubeba mgongoni mashine za kufulia ambazo Wabelgiji walizitupa kando ya barabara. Leo Wabelgiji wenyewe wananipigia simu: bwana, njoo utuondolee.

Kwa hiyo asubuhi ile, niliposimama mbele ya kabati la kioo katika duka la silaha upande wa Ixelles, si mbali na uwanja wa Flagey, mdomo wangu ulisema wenyewe:

"Hiyo ya maonyesho utaniachia kwa bei gani?"

Muuzaji, Mbelgiji mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, aliniangalia kama mtu aliyeombwa auze mlango wa duka lake.

Niseme kwanza kwa nini nilikuwa pale, maana mimi si mtu wa bunduki. Wezi waliingia depo. Walikata kufuli la mlango wa nyuma, wakachukua jenereta ndogo na nyaya za shaba nilizokuwa nimezikusanya kwa miezi. Hilo halikuniumiza sana. Mali ni kama nywele, zikinyolewa zinaota. Kilichoniumiza ni bakuli.

Mke wangu hunifungia sombe ya mchana, ile majani ya muhogo aliyoyatwanga akayapika na mawese na pilipili, na mimi naiweka katika friji ya ofisini. Siku hiyo nilikuwa nimeiacha bila kuila. Nilipofika kesho yake nikakuta bakuli tupu, limeoshwa, limefunikwa kifudifudi kando ya sinki. Nikaketi, nikasimama, nikaketi tena. Mzungu gani atasimama ndani ya nyumba ya watu ale sombe ya baridi yenye pilipili ya mke wangu, kisha aoshe bakuli? Yule alikuwa mtu wetu. Mtu aliyelelewa na mama.

Tangu siku hiyo sikuweza kutulia. Kanisani, badala ya kumsikiliza mchungaji, niliangalia midomo ya watu. Kwenye sherehe, mtu akisifu sombe, namkazia macho mpaka anaomba radhi bila kujua kosa lake. Metro ya kwenda Anderlecht ilikuja tupu, viti kila mahali, nami nilisimama karibu na mlango. Nyumbani nilikuwa naacha sahani nusu, naenda dirishani, naenda kwenye gari, naenda depo kushika kufuli jipya, narudi chakula kimepoa.

"Papa, ikala basi," mke wangu alikuwa akiniambia. "Kiti iko na miba?"

Katika nchi hii huendi dukani ukachukua bastola kama mkate. Lazima klabu, lazima mtihani, lazima daktari aandike kwamba akili yako ni nzima, ndipo uombe kibali. Nikajiunga na klabu ya kulenga shabaha. Naandika bila haya: mkono wangu hautetemeki. Mkufunzi aliwaita wengine waje kuona karatasi yangu, matundu yote yamekaa pamoja kama vifaranga chini ya kuku. Mtihani wa maandishi niliuogopa kuliko risasi. Sitasema nilipata alama ngapi. Nilipita.

Mke wangu nilimwambia naenda sport. Huo haukuwa uongo, kibali chenyewe kinaombwa kwa ajili ya sport. Alifurahi sana, kwa sababu daktari alikuwa amezungumza naye kuhusu tumbo langu. Akaninunulia viatu vyeupe vya kukimbilia. Nami nilivivaa kila mara, nikaenda navyo klabu, nikasimama navyo mahali pamoja nikilenga, nikarudi navyo. Baada ya muda nikaona anaviinua mlangoni, anaviangalia soli.

"Hii biatu haichafukake?"

"Ni sport ya ndani, maman."

Sasa turudi dukani. Niliinama juu ya kioo. Muuzaji alikuwa ameitoa ile bastola, ameiweka kwenye kitambaa cha kijani.

"Angalia hapa," nikamwambia, kwa Kifaransa changu cha sokoni ambacho hakijawahi kuninyima biashara. "Mkwaruzo huu. Na hapa kwenye mshiko rangi imelika. Hii imeshikwa na watu wengi kuliko kitasa cha mlango wa kanisa."

"Imeshikwa, bwana, lakini haijapigwa na mteja hata mmoja."

"Ndiyo maana unapunguza bei."

"Sijasema napunguza."

"Utasema."

Akaenda nyuma, akarudi, akafuta miwani yake kwa kile kitambaa cha kijani, akapunguza. Nilicheka mpaka akacheka na yeye. Nikalipa malipo ya kwanza pale pale, nikanyoosha mkono.

"Nifungie."

"Bwana, hii inabaki hapa mpaka kibali chako kifike."

"Sawa. Basi iweke nyuma."

"Ni ya maonyesho. Sina nyingine ya aina hii ya kuwaonyesha watu. Ikija nyingine, nitaitoa hii."

Akabandika kikaratasi kidogo kilichoandikwa kwamba imeuzwa, akairudisha palepale chini ya taa, ielekeze mdomo wake ukutani, iendelee kushikwa na kila anayepita.

Hapo ndipo nilipoonja dawa yangu mwenyewe. Maisha yangu yote nimenunua vitu vilivyopapaswa na wengine, lakini vilipapaswa kabla sijalipa. Hii ilikuwa yangu! Nikaanza kupita. Nikiwa na kazi upande ule napita, nikiwa sina kazi napita pia, nashuka kwenye basi la barabara ya Chaussée d'Ixelles kituo kimoja kabla ili nifike pale kama mtu anayetembea tu. Mara nyingine naangalia kutoka nje na kuendelea. Siku moja nikakuta bwana mmoja mwenye skafu shingoni ameishika, anaigeuza, anaipima uzito.

"Hiyo ni ya mtu," nikamwambia.

"Ya nani?"

"Ya mtu aliyesimama nyuma yako."

Aliiweka chini polepole sana, kama yai. Muuzaji akaniita pembeni.

"Bwana, maneno kama hayo hayasemwi katika duka kama hili."

Alikuwa na haki. Lakini sikuweza kungoja, na kutoweza kungoja kwangu ndiko kulikonipeleka kwenye jambo lililofuata.

Kwetu, kitu kipya kinanyweshewa. Ukinunua gari, unawaita ndugu na marafiki, bia kidogo inamwagwa kwenye tairi, nyingine inamwagwa kooni, na mwenye gari ndiye anayelipa. Tunasema tuna-arrose. Kitu kisichonyweshewa kinakauka mkononi mwako. Kila kitu changu nimekinywesha, hata mashine ya kukata chuma. Desturi ni kungoja mpaka kitu kifike nyumbani, nami bastola yangu ilikuwa bado chini ya taa ya mtu mwingine. Hata hivyo niliwaita watu kwenye mgahawa wa Kikongo kule Ixelles, nikaagiza mbuzi na samaki wa kuchoma, nikajaza meza chupa.

Rafiki yangu kinyozi, tuliyelala chumba kimoja tulipokuja nchi hii, ndiye aliyeanza.

"Grand, tuna-arrose nini leo? Gari?"

"Hapana gari."

"Nyumba?"

"Ndogo kuliko nyumba, kubwa kuliko gari."

"Bon, sema basi, bière inashika moto!"

Nikatoa simu, nikawaonyesha picha. Meza nzima ikapasuka kwa kicheko.

"Patron! Unaenda kupiga nani? Babata ba mu ziwa ya kule Flagey?"

"Ni sport."

"Sport! Na ile tumbo?"

"Ule mwenye alikula sombe yangu," nikasema, "atajua ni sport gani."

Nilisema hivyo nikiangalia mdomo mmoja mmoja. Kinyozi aliacha kutafuna. Au labda alikuwa amemaliza kutafuna, sijui, mpaka leo sijui.

"Grand, na miye nakulaka sombe," akasema. "Utanipiga na miye?"

Watu wakacheka, mimi pia nikacheka, tukanywa. Nilichosahau, katika sifa zile zote, ni kwamba mke wa kinyozi na mke wangu wanaomba katika kikundi kimoja cha akina mama.

Jumapili, baada ya ibada, mke wangu alipakua chakula kama kawaida, akakaa mbele yangu. Katikati ya meza, kando ya bukari, ugali wetu, aliweka vile viatu vyeupe.

"Papa. Donc hii njo biatu ya kuendea kupiga bantu?"

"Maman, ni sport, kibali kinasema—"

"Bamaman bote banajua. Miye tu njo sijui. Nimesikia mambo ya nyumba yangu ku mulango ya kanisa."

Nikaanza kumweleza: sefu ya chuma, ufunguo mmoja, risasi mbali na bastola, sheria ya Ubelgiji. Akaniacha niseme mpaka maneno yakaniishia.

"Unajua mudogo wangu," akasema.

Nilijua. Aliniambia mara moja tu, kabla hatujaoana. Nyumbani kwao Lubumbashi alipanga mjomba mmoja askari. Bastola yake aliizungushia taulo, akaiweka juu ya kabati, kando ya kopo la sukari. Mdogo wa mke wangu alipanda kutafuta sukari. Hakuwahi kuniambia zaidi ya hapo, lakini katika miaka yote ya ndoa yetu sijaona nyumbani kwetu taulo lililokunjwa likawekwa mahali pa juu. Mataulo yetu hukaa chini, ndani ya kikapu.

"Ile ilikuwa ya askari," nikamwambia. "Haikuwa na sefu. Miye ni muntu ya kufuata sheria."

"Utapiga nani?"

"Mwizi."

"Mwizi gani? Ule alikula sombe yangu, akanawisha bakuli? Ule ni mutoto ya muntu, papa. Alisikia njaa, kisha akasikia haya. Ungemukuta pale, ungemufanya nini?"

"Kumutisha tu."

"Bantu banatisha na kintu ya kuua?"

Niliinuka, nikaenda dirishani, nikarudi. Ilinibidi nimwambie na lililobaki, kwa sababu lingejulikana tu: kwamba polisi wa mtaa angekuja nyumbani juma lile kumuuliza yeye kama anakataa. Sheria ya hapa ni hiyo. Mtu mzima wa nyumba moja nawe akisema hapana, kibali hakitoki. Nilidhani atacheka, atasema basi mchezo umekwisha. Hakucheka.

"Mbele ya kujibia polisi, nitauliza Mungu," akasema. "Kintu gani iliingiaka mu nyumba hii bila kuiombea?"

Hakuna. Mke wangu ni mwombezi. Friji aliiwekea mkono, kochi aliliwekea mkono, lori langu la kwanza alilizunguka lote akiomba, na hakuna kontena langu linalofungwa mlango kabla hajaligusa. Watu wanasema nina bahati na makontena. Mimi huwaambia ni kichwa changu. Lakini sijawahi kujaribu kutuma hata moja bila mkono wake.

"Unipeleke nikaione," akasema.

Nikaona nimeshinda! Katika biashara, mtu anayeomba kuiona bidhaa ameshainunua nusu. Nikavaa suti. Yeye alivaa kitenge chake cha Jumapili na kilemba. Kwenye basi yeye aliketi, mimi nikasimama.

Dukani kulikuwa na wateja wachache, na muuzaji alinyanyua mikono aliponiona, kwa maana alinizoea.

"Bibi anataka kuishika?"

"Hapana, bwana," mke wangu akamjibu kwa Kifaransa chake kizuri kuliko changu. "Nataka tu kuomba."

Muuzaji akanitazama. Nikamwonyesha kwa kidole: kidogo tu. Mke wangu akaweka kiganja juu ya kioo, palepale juu ya bastola, akafumba macho. Mimi sikufumba. Nilikuwa nawaangalia wateja wanavyotuangalia, nikawaza siku nitakayotoka na mfuko wangu mlango ule, nikaangalia kama mkwaruzo umeongezeka, nikaona umeongezeka, nikamkasirikia yule wa skafu. Sauti ya mke wangu ilikuwa inakwenda masikioni mwangu kama redio ya jirani.

"Baba, weye njo unajua bintu yote. Friji tulikuletea, ukabariki. Camion tulikuletea, ukabariki. Leo tumekuletea hii. Baba, hatuitaki ku nyumba yetu. Uiache hapa hapa nyuma ya kioo, isiende ku kabati ya muntu, mutoto asiipandie. Na ule mwenye alikula sombe yetu, umupe kazi, umupe na ya kula. Mu jina ya Yesu."

"Amina!" nikasema.

Kanisani kwetu Amina yangu inajulikana. Ni ya kwanza na ndiyo kubwa. Sauti ya mke wangu ikishuka pale kwenye jina la Yesu, kinywa changu kinafunguka chenyewe, hakiniulizi. Vioo vya duka vililia. Ndipo maneno yakaanza kunifikia, ya mwisho kwanza, ya kwanza mwisho.

"Ngoja," nikasema.

"Ulisema Amina."

"Sikusikia muzuri."

"Mungu alisikia."

Muuzaji akauliza bibi amesema nini. Mke wangu akamtafsiria taratibu, neno kwa neno, mpaka na ile ya sombe. Mteja mmoja akakohoa. Muuzaji akavua miwani yake.

"Kwa hiyo, bwana?"

Nimebishana na watu wa forodha wa nchi mbili na kuwashinda. Ningeweza kusema sala si mkataba. Lakini nilipiga hesabu yangu haraka, ile ya mfanyabiashara. Kama Amina hii haina kazi, basi na zile nilizosema mbele ya makontena hazina kazi, na kuna kontena langu lilikuwa baharini wakati ule ule, limejaa mpaka mlangoni.

"Umesikia bibi," nikamwambia muuzaji.

"Malipo ya kwanza hayarudi."

"Nani ameomba yarudi?" Nikageuka. Kando ya mlango ilisimama sefu ya chuma ya kijivu, mlango wazi, imekwaruzwa na mifuko ya kila anayeingia. "Ile ni ya maonyesho?"

Akaanza kucheka kabla sijamaliza. Tulibishana bei vizuri, kwa heshima, na mkwaruzo mmoja mmoja niliuhesabia. Mke wangu akaiwekea mkono palepale. Safari hii nilisikiliza kila neno mpaka mwisho ndipo nikaitika.

Polisi wa mtaa alikuja, kijana wa watu mwenye adabu, akapewa kahawa. Kabla hajamuuliza mke wangu lolote nikamwambia ombi langu nimelifuta mwenyewe. Akamtazama mke wangu. Mke wangu alikuwa anakunja mataulo, anayatia kikapuni.

"Bwana ameamua," akasema.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na anayesema nilikatazwa na mke hajui habari. Niliamua. Klabu bado naenda, bastola ni ya klabu, na karatasi zangu bado zinaonyeshwa watu. Viatu vyeupe vimeanza kupata vumbi, kwa sababu nashuka metro mapema na kutembea, kukaa bado kunanishinda. Juzi nilipita kule Ixelles. Bastola ile ipo palepale chini ya taa, bila kikaratasi, haijanunuliwa. Sijui ni ile sala au ni ile bei.

Sefu niliifunga depo, kwa boliti zinazoshika mpaka ndani ya ukuta. Haiungui moto, haikatiki kwa shoka. Mke wangu sasa ananifungia bakuli mbili. "Moja ya sefu," anasema, "moja ya friji," na mimi sijamuuliza ile ya friji ni ya nani. Ya sefu naila mchana. Katika Brussels nzima hakuna mtu mwingine ambaye chakula chake kinalindwa hivyo. Ya friji naiacha. Nikirudi jioni kufunga, kama hakuna aliyeigusa, naila mwenyewe, nimesimama, nikiangalia mlango wa nyuma.